Mhariri, watu hawasubiri "ila"

Mhariri, salaam nyingi kwako na kwa wote mnaotuletea gazeti. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mama mstaafu, nimefanya uuguzi miaka 31 na sasa niko nyumbani Nkuhungu hapa Dodoma, naomba nafasi kidogo nitoe jambo ambalo limenikaa moyoni mda mrefu.

Mji wetu umejaa watu wa kila aina. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa tangu 1973 lakini sote tunajua kuhama kwenyewe kumechangamka baada ya 2016, 2018 tukawa jiji, na siku hizi ukipanda daladala ya Mtumba asubuhi unakaa kiti kimoja na Mhaya, nyuma yako Mpemba, pale mlangoni Mchaga, na saa ingine fundi wa Kichina yumo humohumo. Mimi nafurahi sana, mji umepata uhai. Ila kuna manung'uniko nayasikia kila nikienda sokoni au kanisani na yananiuma. Waliokuja wanasema watu wa Dodoma hawanyooki, unamuuliza fundi kabati litakuwa tayari lini anasema tutaangalia, unamuuliza dada wa kazi umeelewa anasema ndiyo, kesho yake unakuta hakuelewa kitu. Na sisi wa hapa nasi tunasema hawa wageni hawana adabu, mtu mzima anaingia dukani hata hujambo hakuna, anasema nipe maji makubwa, anaweka hela, anaondoka. Kila upande unaona mwenzie hakulelewa. Mimi nasema wote wamelelewa, tena wamelelewa vizuri, ila kwenye nyumba tofauti.

Niwaombe muangalie hilo neno nimelitumia hapo juu, ila. Ukimsalimia mtu wa kwetu, habari za nyumbani, atakujibu nzuri. Hata kama kuna msiba atakujibu nzuri. Kwanza anasema nzuri, anashusha pumzi, anaangalia chini kidogo, ndo anasema ila mtoto hajalala siku ya tatu leo, au nzuri ila tulimzika mzee juzi. Habari yenyewe iko nyuma ya ila. Ile nzuri ya mwanzo siyo uongo hata kidogo, ni kukuonyesha kwamba yeye bado ni mtu, bado mna amani kati yenu, hajaja kukutupia mzigo wake mlangoni kabla hujakaa. Na wewe uliyesalimia una kazi yako, ukae kimya kidogo, usubiri. Ukiwahi kuingiza swali la pili ile ila inarudi tumboni na haitoki tena.

Wagogo wenyewe salamu yetu ni ndefu. Ukishaitikiwa mbukwa unaendelea, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua kama imefika huko, na mgeni aliyesimama pembeni anaona tunapoteza mda. Hatupotezi. Huku mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, tena haina uhakika, kwa hiyo mwenzio akikwambia ng'ombe wamesogezwa mbali umeshajua nyumba yake ina njaa na yeye hajatamka neno njaa. Wewe ukirudi kwako unamtuma mtoto na debe la mtama. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeaibika. Huo ndo ustaarabu niliokulia na sitauonea haya.

Binti yangu anasoma chuo hapahapa Dodoma, ndo amenisaidia kuyaelewa haya kwa upande wa vitabu. Kuna Mmarekani mmoja, Edward T. Hall, ujana wake miaka ya 1930 alifanya kazi na Wanavajo na Wahopi, wenyeji wa asili wa kule Arizona, baadaye miaka ya 1950 akawa anawafundisha mabalozi na maofisa wa Marekani kabla hawajatumwa nchi za watu. Yeye alikuja kusema kuna jamii ambazo maana ya maneno iko ndani ya maneno yenyewe, ukisema hapana ni hapana, mkataba unaandikwa mpaka nukta ya mwisho, akawataja Wajerumani, Waskandinavia, na Waswisi wanaoongea Kijerumani. Halafu kuna jamii ambazo nusu ya maana iko nje ya maneno, iko kwenye nani anasema, amekaa wapi, amenyamaza kwa mda gani, na huko akawataja Wajapani na Waarabu. Mjapani ukiongea naye anaitikia hai, hai, mgeni anadhani amekubaliwa kumbe maana yake ni nakusikia, endelea. Nilipoambiwa hivyo nilisema basi Wajapani ni ndugu zetu kabisa, maana ndiyo ya shangazi yangu ni ileile.

Na sababu siyo kwamba wengine ni werevu kuliko wengine. Mahali ambapo watu wamezaliwa pamoja, wanachota kisima kimoja na watazikana, maneno machache yanatosha na neno kali moja linaweza kukaa kwenye ukoo vizazi viwili, kwa hiyo watu wanajifunza kulizungusha. Mahali ambapo watu wanahamahama, wanakutana na wasiowajua kila siku na kila mtu anajitegemea, lazima useme wazi maana huyo mwenzio hana historia yako ya kujazia. Na ukitaka kuona jambo hili hata ndani ya Kiswahili chenyewe angalia jirani zetu Wakenya. Mkenya wa Nairobi anasema nipe chai, sisi tunasema samahani dada, naomba unisaidie chai. Lugha moja, kikombe kilekile. Yeye anatuona tunachelewesha, sisi tunamuona anaamrisha, na muuza chai yuko katikati anashangaa.

Hata hivyo Mhariri nisije nikaeleweka kwamba sisi hatujui kusema ukweli. Tunajua sana, tumeutengenezea njia zake. Kwenye posa anakwenda mshenga, anasema tumeona ua zuri kwenye bustani yenu, na wenye binti wakikataa wanamkataa mshenga, kijana mwenyewe na baba yake wanaendelea kusalimiana na wakwe ambao hawakuwa wakwe. Mwanamke mwenye jambo na jirani anavaa kanga, anapita mbele ya mlango taratibu, maandishi yanaongea. Na mtani je? Mtani anaweza kuja msibani watu wanalia akasimama akasema huyu mzee mnayemlilia alikuwa mchoyo, mara ngapi aliwanyima maziwa, na wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka, kwa sababu ni kweli na kwa sababu aliyesema ana kibali cha kusema. Wazee waliona kwamba jamii inayozungusha maneno lazima iwe na mtu anayeruhusiwa kuyanyoosha, wakampa cheo. Hilo mimi naliheshimu kuliko mambo mengi niliyofundishwa chuoni.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Shangazi yangu wa Kongwa, ana miaka themanini na kitu, alipata kidonda kwenye mguu. Mimi nilikuwa bado kazini na siku hiyo nilikuwa zamu kwa hiyo alipelekwa na mjukuu wake kwenye kituo kimoja cha afya sitakitaja. Akakutana na daktari kijana, mpole, mchapakazi, nilikuja kuongea naye baadaye na siyo mtu mbaya hata kidogo, amekulia mji mkubwa na amesoma nje. Yule kijana hakumpa shikamoo. Alikuwa na foleni ndefu, akasema karibu bibi, unasumbuliwa na nini. Shangazi akajibu sijambo mwanangu. Akaulizwa mguu umefanyaje, akasema kamwiba tu kalinigusa. Unauma sana? Kidogo. Yule daktari akaandika alichoambiwa, maumivu kidogo, mwiba, kikasafishwa, akapewa dawa za maumivu, akarudishwa nyumbani. Hakupimwa sukari. Mjukuu naye alikaa kimya maana ataanzaje kumsahihisha bibi yake mbele za watu.

Wiki tatu baadaye shangazi alikatwa mguu chini ya goti. Alikuwa na kisukari na hakuna aliyejua.

Mimi nimelia sana juu ya jambo hili maana mimi ningejua. Mwanamke wa Kigogo wa umri ule akisema kidogo ujue hajalala usiku. Akisema kamwiba, anakufanyia hisani usihangaike. Na ameshapanda gari kutoka Kongwa kwa ajili ya hako kamwiba, hilo peke yake lilikuwa linapiga kelele. Laiti yule kijana angesema shikamoo, akanyamaza sekunde tano tu, shangazi angesema marahaba mwanangu, sijambo, ila. Na hiyo ila ingekuwa na mguu wake wote ndani yake. Lakini pia Mhariri, niseme kwa uchungu uleule, shangazi naye alikuwa na la kusema na hakulisema. Sisi wenye kuzungusha maneno tunapeleka kuzungusha kwetu mpaka mahali ambapo mwenzetu hana namna ya kujua, halafu akikosea tunasema hana utu.

Kongwa hiyohiyo ina historia nyingine ya namna hii. 1947 Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga, walikuja na matrekta, wakakuta mibuyu haing'oki na vichaka vinavunja vyuma, udongo una mfinyanzi ukifika kiangazi unakuwa kama sakafu, mvua nazo hazikuja kama zilivyoandikwa kwenye mpango. 1951 wakauacha, zimepotea pauni milioni 36 hivi. Ripoti iliyouanzisha iliandikwa baada ya watu kuzunguka wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege. Babu yangu alikuwa anatuhadithia jioni kwamba mzungu mmoja alimuuliza kupitia mkalimani, hii ardhi ni nzuri? Babu akajibu ni nzuri. Alikuwa anataka kuendelea, ila mvua, lakini mkalimani ameshageuka ameshamwambia mzungu nzuri, na mzungu ameshaandika. Sisemi mradi ulianguka kwa sababu ya babu, mradi ulikuwa na makosa yake mengi ya mahesabu na mashine. Nasema tu mambo yote yaliyouangusha babu alikuwa anayajua, na hakuna aliyesubiri sentensi yake iishe.

Nisiwaonee wanaosema wazi. Miaka ya nyuma nilifanya kazi wodini na daktari wa Kidachi, yaani Mholanzi, mrefu, hana salamu ndefu. Siku moja wakati wa kupita raundi akasema mbele ya wanafunzi na wagonjwa, sista hii umefanya vibaya, chati haijajazwa tangu usiku. Nilikwenda chooni nikalia. Kwetu mkubwa akitaka kukukosoa anakuita pembeni, anakuuliza habari za watoto, anakwambia siku hizi naona umechoka, na wewe unajua. Nilimchukia wiki nzima. Halafu mtoto wangu wa pili akaugua usiku wa manane na ni yeye aliyeendesha gari mwenyewe kuja kumchukua, na siku ile ya chati alikuwa ameshaisahau ilipofika saa nne ya chai. Alikuwa anakosoa chati. Mimi nilisikia anakosoa mama yangu aliyenilea. Kwake kumficha mwenzio kosa lake ndo kumdharau, maana yake humwamini kama anaweza kurekebisha.

Hivyo nilipokuja kusikia kuhusu Mholanzi mwingine, Geert Hofstede, nikasikiliza vizuri. Huyu alichambua dodoso zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, wa nchi mbalimbali, zilizojazwa kati ya 1967 na 1973, kampuni moja, kazi zilezile, na bado majibu yakapishana kwa nchi. Kitu kimoja alichokipima ni umbali wa madaraka, yaani mtu wa chini anaona ni kawaida kiasi gani kwamba bosi yuko juu na haulizwi. Kwao Uholanzi umbali ni mfupi. Hata hivyo hizo namba ni za makundi, ukimchukua mtu mmoja na kumpa namba ya nchi yake umemwonea. Ushahidi wangu ni huu: tarehe 27 Machi 1977 kisiwani Tenerife ndege mbili za Boeing 747, moja ya shirika la KLM la hukohuko Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye barabara ya kurukia, kuna ukungu, wakafa watu 583. Mhandisi aliyekuwa ndani ya KLM aliuliza kama ile Pan Am imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa, mwalimu wa marubani wenzake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia. Huyo ni mtu wa nchi inayosifika duniani kwa kusema bila kuzunguka, na alinyamaza kama mjukuu wa shangazi yangu.

Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wadogo namna ya kusema na wakubwa namna ya kusikiliza, na sisi wa hospitali tukaja kujifunza kwao. 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji, na kimojawapo ndani yake ni kwamba kabla kisu hakijagusa ngozi kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Watu wanaona ni jambo dogo. Lakini muuguzi ambaye ameshatoa sauti yake mara moja chumbani mle, kuitoa mara ya pili akiona kosa inakuwa rahisi. Orodha hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali 8 za miji 8 duniani, mmojawapo ni Ifakara yetu hapahapa Tanzania, na kwa jumla vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hapo hawakubadilisha utamaduni wa mtu. Walimpa mdogo kibali cha kusema, kama wazee walivyompa mtani.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wakubwa wa vyuo vya afya na kwa wanaopokea watumishi wapya mikoa hii ya kati siyo semina ya siku tatu yenye posho. Wafundisheni vijana vitu vichache tu. Shikamoo kwa mzee inachukua sekunde mbili na inafungua faili zima. Mkisikia nzuri, sijambo, kidogo, ngojeni. Msiulize umeelewa, maana jibu ni ndiyo hata kama hakuelewa, hakuna mtu wa heshima atakayekwambia umenieleza vibaya. Muulizeni mama, ukifika nyumbani hizi dawa utazimezaje, nielekeze kama unamwelekeza jirani yako. Hapo utashangaa, niliwahi kuambiwa na mzee mmoja kwamba kutwa mara tatu maana yake anameza zote tatu asubuhi ili asisumbuke. Na kwa mgeni kutoka nje mkimwambia saa mbili mumwonyeshe jua liko wapi.

Na sisi wenyeji nasi, na wazee wangu naomba mnisamehe mkisoma hili, mbele ya daktari, mbele ya fundi wa umeme, mbele ya karatasi ya kuuza kiwanja, ile ila tuitoe mapema. Viwanja vingapi hapa Dodoma vimeuzwa na mtu aliyesema sawa huku moyoni anasema sitaki, kwa sababu mnunuzi alikuja na suti na soda na akamwita baba? Ukimwambia mtu wa namna ile hapana mbele ya watoto wake utakuwa hujamvunjia heshima, yeye kwao amezoea kusikia hapana na anakunywa chai vilevile. Na mzee ukiona ulimi mzito, mtume mtu, tuna mshenga wa posa kwa nini tusiwe na mshenga wa hospitali, mjukuu apewe ruhusa kabisa nyumbani kabla ya kutoka, leo wewe ndo utasema na bibi hatakasirika.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kongwa kumuona shangazi. Alikuwa amekaa chini ya mwarobaini na magongo yake yako pembeni. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamuuliza habari za hapa, akasema nzuri. Nikakaa. Kuku wakapita, jirani akapita na ndoo tukamsalimia, mimi sijaongeza neno. Akaangalia kule jikoni, akashusha pumzi, akasema nzuri mwanangu, ila usiku ule mguu usiokuwepo unaniuma, naona aibu kuwaambia watu maana watasema nimerukwa na akili. Nikamwambia shangazi huo ugonjwa upo, watu wengi waliokatwa mguu wanauhisi, na dawa zake zipo. Akanitazama. Jumanne namleta kliniki, na safari hii nitaingia naye ndani.

Mstaafu wa uuguzi,
Nkuhungu, Dodoma